Jeraha la mtoto na maelezo yasiyolingana: maswali ya wasomaji

Swali: Mimi ni muuguzi wa zahanati. Mtoto wa miezi mitatu aliletwa kwa kikohozi, nikaona sikio lake limevilia damu. Mama alisema mtoto alijigonga kitandani. Je, nina wasiwasi bure?

Jibu: Hapana. Mtoto wa umri huo hajatambaa wala kusimama, kwa hiyo ni vigumu kuelewa angejigongaje kwa nguvu ya kumvilisha damu. Wanaotembea huumia magoti, ugoko na paji la uso. Lakini alama ikiwa kiwiliwilini, sikioni au shingoni mwa mtoto wa chini ya miaka minne, au popote pale kwa asiyefikisha miezi mitano, apelekwe hospitali akachunguzwe kama ameumizwa na mtu. Mvue nguo zote, umtazame hadi nyuma ya masikio na ndani ya mdomo. Usichanganye mvilio na baka la bluu la kuzaliwa, ambalo watoto wetu wengi huwa nalo makalioni: hilo haliumi, wala halififii kwa siku chache.

Swali: Mtoto wa mwaka mmoja ameungua miguu yote miwili, na inasemekana alitumbukia kwenye beseni. Daktari atatambuaje?

Jibu: Atazame mpaka wa jeraha. Anayekanyaga maji ya moto kwa bahati mbaya hurusharusha miguu, akaungua mabaka mabaka na matone huku na huku. Kuungua kunakoishia kwenye mstari mmoja, sawasawa miguu yote kama soksi, kunaashiria kwamba alishikiliwa. Kwa kuwa hajafikisha miaka miwili, apigwe eksirei ya mifupa yote, irudiwe baada ya takriban wiki mbili, maana ubavu uliovunjika mara nyingi huonekana pale tu unapoanza kuunga. Matege na maradhi ya damu kutoganda nayo yachunguzwe, maana huweza kuvunja mifupa au kuvilisha damu bila mtoto kuumizwa na mtu.

Swali: Naogopa kumsingizia mzazi. Niandike nini?

Jibu: Andika maneno yake mwenyewe na saa aliyoyasema, kisha uchore jeraha lilipo na ukubwa wake. Usiandike “amepigwa” wala usikadirie siku za mvilio kwa rangi yake, rangi hudanganya. Kumtafuta mkosaji si kazi yako, ila Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aziwasilishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwite afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Matibabu ya dharura yasisubiri fomu ya polisi ya PF3. Mtoto alazwe mpaka usalama wa nyumbani ujulikane, na ndugu zake wadogo waletwe wakaguliwe pia.