Sumaku za pete: hesabu ncha, kisha pima mwanya

Wewe unayeanza kazi ya magurudumu yanayozungushana kwa sumaku, najua utakachokimbilia: sumaku kali kuliko zote. Tafadhali anza na ncha na mwanya, yaani nafasi iliyo kati ya sumaku mbili.

Pete ya ncha nyingi ni kipande kimoja, ila kaskazini na kusini hupokezana kuizunguka. Kwa macho huoni kitu. Ifunike kwa karatasi, nyunyiza unga wa chuma, gonga kidogo, na mipaka ya ncha itajichora. Mimi hukagua hivyo kila pete kabla haijafungwa kwenye shafti.

Chukua pete mbili zinazotazamana, kila moja ncha 8. Kila ncha imeshika nyuzi 45. Kaskazini ikiwa imekabili kusini sawasawa, pete zinavutana sana lakini nguvu ya kuzungusha ni sifuri! Wengi hukwama hapa. Nguvu hiyo huzaliwa pete inayoendeshwa inapochelewa nyuma ya inayoendesha, na hufika kileleni kwenye nyuzi 22.5 hivi, yaani nusu ya ncha. Mzigo ukidai zaidi ya hapo, pete huachiana na kuteleza. Hakuna jino linalovunjika, na huo ndio uzuri wake.

Mbona basi tusiweke ncha 16 au 32? Kwa sababu uga, yaani nguvu ya sumaku inayoenea nje yake, haufiki mbali ncha zikiwa nyembamba. Kwenye pete ya kipenyo cha milimita 40 yenye ncha 8, kila ukisogea milimita 5 hivi uga unabaki kama theluthi tu ya ulivyokuwa. Zikiwa ncha 16, milimita 2.5 zinatosha kuupunguza kiasi hicho. Ncha nyingi hushika vizuri mwanya ukiwa mwembamba. Weka katikati ukuta mnene wa pampu, zinalegea. Nimeona sumaku nzima kabisa zikilaumiwa, kumbe tatizo ni mwanya.

Ukuta wenyewe ukiwa wa metali, uga unaozunguka huamsha umeme ndani yake na kuupasha joto. Plastiki haina shida hiyo. Joto ni adui: sumaku ya neodimi ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 za Selsiasi.

Pete zikiteleza, usingoje zishikane tena huku mota inakwenda kasi. Zima, acha ncha zitafutane zenyewe, punguza mzigo, kisha washa taratibu.