Je, Mkristo Analazimika Kutetea Serikali Yenye Mamlaka Madogo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Katika darasa letu la Biblia kijana mmoja alituletea hotuba ya Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akasema kwamba mwanasiasa aliyeokoka ni lazima atetee serikali yenye mamlaka madogo na kodi ndogo, kwa kuwa Mtume Paulo ameandika kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Mama mmoja akamjibu kwamba Mwalimu Nyerere naye alikuwa Mkristo wa kuhudhuria misa, na alishika njia iliyo kinyume kabisa. Tukagawanyika. Ni yupi aliyeisoma Biblia sawasawa, na je, anayeukataa msimamo wa Thatcher amekosea imani?

JIBU: Amina, mpendwa katika Bwana. Hotuba hiyo ilitolewa Edinburgh tarehe 21 Mei 1988, mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti. Aliyeitoa alikuwa binti wa Alfred Roberts, mwenye duka la vyakula mjini Grantham ambaye pia alikuwa mhubiri mlei wa Kimethodisti, kwa hiyo si haki kudhani kwamba alijivika dini siku hiyo ili kutafuta kura. Kiini cha maneno yake kilikuwa hiki: Mungu amempa mwanadamu uwezo wa kuchagua mema au mabaya, na kwa sababu hiyo kila mtu atawajibika mwenyewe kwa matendo yake, wala hawezi kuikabidhi serikali wajibu wake wa kuwahurumia wengine. Hapo mimi namkubali bila kusita. Mtu aliyelipa kodi hajatimiza bado amri ya kumpenda jirani.

Lakini kijana wenu amevuka mpaka ambao Thatcher mwenyewe hakuuvuka. Katika hotuba ileile alikiri kwamba zinahitajika sheria za kuhakikisha watu wanapata matibabu na elimu, wazee wanapata pensheni, na wagonjwa na walemavu wanasaidiwa. Alichokionya ni mkono wa serikali kurefuka hadi kumwondolea mtu wajibu wake. Alikiri pia kwamba Biblia haituelezi ni mfumo gani hasa wa kisiasa tuufuate, na kwamba Wakristo watatofautiana kwa nia njema. Anayemnukuu na amnukuu mpaka mwisho.

Tukiyarudia Maandiko, ni kweli kabisa kwamba yanaiwekea mipaka mikono ya watawala. Israeli walipodai mfalme, Samweli aliwaonya kwamba atawachukua wana wao kwa magari yake ya vita na binti zao kwa jiko lake, atatwaa mashamba yao yaliyo mazuri, na atatoza sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo (1 Samweli 8). Torati ilikuwa imekwisha kumkataza mfalme kujilimbikizia farasi, wake na fedha, ikamwagiza ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake (Kumbukumbu la Torati 17). Mfalme Ahabu alipotamani shamba la mizabibu la Nabothi, Eliya alitumwa kumwambia kwamba ameua na kutwaa. Msingi wa yote haya ni imani kwamba mwanadamu ni mali ya Mungu, wala si mali ya mfalme. Mwanasiasa Mkristo anayehofia dola kubwa ana sababu nzito za kiimani, na asidharauliwe kana kwamba anatetea matajiri tu.

Hata hivyo, nawaomba mkisome kisa cha Yusufu kwa ukamilifu wake, kwa sababu sijui mahali pengine katika Maandiko ambapo jambo hili limewekwa wazi hivyo. Katika Mwanzo 41 Yusufu, akiwa mtumishi wa Farao, anaweka akiba ya nafaka ya serikali katika miaka saba ya shibe, na akiba hiyo inaokoa maisha ya Wamisri na ya nyumba ya Yakobo pia. Hakuna mtu binafsi ambaye angeweza kufanya kazi hiyo peke yake. Lakini sogeeni mpaka sura ya 47: fedha za watu zinakwisha, wanatoa mifugo, kisha wanatoa ardhi na miili yao, na mwisho wanasema kwamba Yusufu amewaponya na kwamba watakuwa watumwa wa Farao. Ghala lililowaokoa ndilo lililowafunga. Basi wanaodai kwamba Biblia inaikataza serikali kumlisha mwenye njaa hawajaisoma sura ya 41, na wanaodai kwamba serikali inayolisha haiwezi kumwonea mtu hawajafika sura ya 47.

Kuhusu neno la Paulo katika 2 Wathesalonike 3, mtume hakuwa akimwandikia Kaisari namna ya kupanga bajeti. Alikuwa akiliandikia kanisa kuhusu ndugu waliokuwa wakizurura na kujishughulisha na mambo ya wengine, naye mwenyewe alikuwa amefanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Kuligeuza neno hilo kuwa hukumu juu ya watu wasio na kazi ni kumtwika Paulo mzigo usio wake, hasa katika Uingereza ya miaka ya 1980, ambako idadi ya watu wasio na ajira iliwahi kupita milioni 3, na wengi wao walikuwa wameitafuta. Ndiyo maana Moderata (mwenyekiti) wa Mkutano Mkuu, James Whyte, alimkabidhi Thatcher ripoti za kanisa kuhusu makazi na umaskini baada ya hotuba. Miezi miwili kabla, bajeti ya serikali yake ilikuwa imeshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 60 hadi 40. Na mwaka uliofuata Uskoti ikaletewa kodi ya kichwa, ambayo kila mtu mzima wa eneo alitozwa kwa kiwango kimoja, ingawa wenye kipato duni walipewa nafuu. Kwangu mimi kodi ile ilipingana na imani aliyoihubiri, kwa kuwa ilimbana mnyonge kuliko tajiri.

Huyo mama naye ana hoja. Mwaka 1970 Mwalimu aliwaambia masista wa Maryknoll, shirika la watawa Wakatoliki, huko New York, kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini litapoteza maana yake kwa watu. Hayo ni maneno ya kinabii. Lakini serikali yake iliagiza watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vilivyopangwa na serikali ifikapo mwisho wa 1976, na wapo waliohamishwa kwa nguvu. Onyo la Samweli linamhusu yeye pia.

Kwa hiyo anayeukataa msimamo wa Thatcher hajakosea imani, wala anayeukubali hajakosea. Kwamba dola si Mungu, na kwamba maskini ana haki yake mbele za Mungu, hayo ni mafundisho yasiyo na mjadala: mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni (Walawi 19), na hiyo ilikuwa sheria, haikuachiwa ukarimu wake. Lakini kodi iwe kiasi gani na hospitali iendeshwe na nani ni mambo ya hekima, na hekima hupimwa kwa matokeo yake kwa watu.

Kwa kijana wenu nina ombi moja. Anayeamini kwamba huruma haikabidhiwi serikali amejitwika mzigo mkubwa kuliko wenzake. Basi kabla ya somo lijalo aende kwa mzee anayeshughulikia diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika wenu, aulize ni wajane na wagonjwa wangapi wanaohudumiwa, na kwa fedha za nani, kisha awaeleze ninyi yeye mwenyewe atachukua sehemu gani ya kazi hiyo.