Za mwizi ni arobaini, za bima ya mafuriko ni thelathini

Usisubiri Agosti. Umeandika kwamba umenunua nyumba Tampa, Florida, kwa fedha taslimu, kwamba utabiri wa Mei unasema msimu utakuwa na vimbunga vingi kuliko kawaida, na kwamba utangoja marekebisho ya Agosti ndipo uamue kama ukate bima ya mafuriko. Kisha ukauliza jenereta ya ukubwa gani itakufaa, madirisha uyakinge kwa kitu gani, na kama walio eneo B la ramani ya kuhama hulazimika kuondoka kimbunga kikija. Sentensi yako ya Agosti nimeisoma mara tatu na tumbo likanicheza kila mara, kwa sababu mimi niliitamka hiyohiyo mwaka 2022, nikiwa Fort Myers, kusini mwa Tampa.

Ndugu yangu, bima ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko haianzi kazi siku unayolipa. Huanza baada ya siku 30, isipokuwa katika hali chache kama vile unapoikata pamoja na kuchukua mkopo wa nyumba, na wewe hukukopa. Marekebisho ya utabiri wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, hutoka mwanzoni mwa Agosti. Ukiyasoma, ukayatafakari, ukashauriana na shemeji, ukalipa katikati ya mwezi, bima yako itaamka katikati ya Septemba, ilhali kilele cha msimu wa Atlantiki huwa karibu na tarehe 10 ya mwezi huohuo.

Mwaka ule wa 2022 watabiri walisema mapema kwamba msimu ungekuwa mkali, kisha Agosti nzima ikapita bila dhoruba hata moja kupewa jina katika Atlantiki. Tuliwacheka sana. Wakala wangu wa bima, ambaye simtaji kwa sababu nikianza sitanyamaza, aliniambia mambo mawili nami nikayameza bila kutafuna: kwamba nyumba yangu ilikuwa kanda X katika ramani ya mafuriko na kwa hiyo haikuhitaji bima hiyo, na kwamba kama nilikuwa na wasiwasi basi nitazame kwanza msimu unavyokwenda. Kanda X haina maana kwamba maji hayafiki. Maana yake ni kwamba mkopeshaji halazimiki kukudai bima ya mafuriko. Mtu yule alikuwa akilipwa kamisheni ili aijue tofauti hiyo. Alijua pia kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko. Kuhusu siku 30 hakutamka hata silabi moja, na nilipomuuliza baadaye alinijibu kwamba maelezo hayo yamo katika fomu. Yamo kweli, kama vile sindano imo ndani ya godoro: unaijua ukishailalia.

Nililipa tarehe 6 Septemba, tena kwa kumridhisha mke wangu, wala si kwa busara yangu. Bima ilikuwa ianze tarehe 6 Oktoba. Kimbunga Ian kilitua kisiwa cha Cayo Costa tarehe 28 Septemba kikiwa cha daraja la 4 kati ya 5, kikaisukuma bahari mpaka ndani ya Mto Caloosahatchee, na maji ya mto yakaja kunitembelea mimi wa kanda X. Yalifika magotini sebuleni, yakakaa saa kadhaa, yakaondoka bila kuaga. Nilikuwa nimepungukiwa na siku nane. FEMA, shirika la Marekani la kushughulikia maafa, imekuwa ikisema kwamba inchi moja tu ya maji ndani ya nyumba inaweza kuleta hasara ya dola 25,000, na zamani nilidhani hayo ni maneno ya kuuzia bima. Maji ya magotini yalinigharimu zaidi ya dola 60,000, kwa kuwa kuta za jipsamu hunyonya maji kwenda juu kama utambi wa taa, na ndani ya siku chache ukungu ulikuwa umepanda hadi mahali ambapo maji yenyewe hayakufika. Tulibomoa mpaka usawa wa kifua. Bima ya upepo nilikuwa nayo, lakini eksesi ya kimbunga, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ambayo Florida kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya nyumba iliyowekewa bima, iliimeza hasara yote ya paa. Hati ya bima ya mafuriko ilinifikia kwa posta huku nikiwa nimekaa uani juu ya kiti pekee kilichosalimika. Ilikuwa na barua ya kunikaribisha. Nilicheka hadi jirani akaja kuangalia kama niko salama.

Sisemi kwamba utabiri wa msimu ni upuuzi. Wataalamu hupima joto la bahari, na hutazama kama El Niño itaongeza pepo za juu zinazozikata dhoruba au La Niña itazipunguza, na mara nyingi hukaribia ukweli. Kosa ni letu tunaousoma kama barua iliyoandikwa kwa anwani ya nyumba zetu. Wanahesabu dhoruba za bahari yote. Wastani wa msimu mmoja, 1991 hadi 2020, ni dhoruba 14 zenye majina, kati yake vimbunga 7, na kati ya hivyo vikali 3, na hakuna hata tarakimu moja hapo inayotaja mtaa wako. Mwaka 2010 kulikuwa na dhoruba 19, vimbunga 12 kati yake, na hakuna kilichotua Marekani kikiwa bado kimbunga. Mwaka 1992 ulikuwa mtulivu, na dhoruba ya kwanza kupewa jina ilichelewa hadi Agosti. Jina lenyewe lilikuwa Andrew, na tarehe 24 mwezi huo kiliufagia mji wa Homestead, Florida, kikiwa cha daraja la 5. Sasa niambie, marekebisho ya Agosti yangemwambia nini mtu wa Homestead?

Kuhusu eneo B, tafadhali usichanganye ramani mbili kama nilivyochanganya mimi. Herufi za kuhama hutolewa na kaunti na huhusu maji ya bahari yanayosukumwa na upepo. Kanda X, au AE ambayo ni ya hatari kubwa, ni za ramani ya bima. Nyumba moja inaweza kuwa kanda X na eneo B kwa pamoja, na kaunti ikiita B, unaondoka. Ian ilipokuwa ikija, mstari wa katikati wa utabiri ulipita karibu na Tampa kwa siku kadhaa, nasi kusini tukajiona watazamaji, tukisahau kwamba ule mchoro wa koni kwenye ramani ya utabiri huonyesha mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, wala si mwisho wa maji.

Piga simu kesho asubuhi, na kabla ya kutoa namba ya kadi mwambie wakala akutamkie tarehe ya bima kuanza kazi, kisha akuandikie. Akikwambia usubiri uone msimu unavyokwenda, mwombe jina lake kamili. Natamani kujua kama ni yuleyule.