Hoja Iliyowekwa Mezani

Kikuyu, Dodoma

Mwanangu,

Mbukwa. Ujumbe wako niliusoma jana jioni, na leo asubuhi nimeurudia kabla hata ya chai.

Unasema bosi wenu Mmarekani alitamka kikaoni kwamba hoja yako muifanyie "table". Ukafungua makabrasha, ukaanza kuieleza, ukaona watu wanatazamana. Ukanyamaza mpaka kikao kikaisha. Sasa unaniuliza: "Baba, neno hili ulinifundisha wewe. Nilikosea wapi?"

Hukukosea, mama. Nilikufundisha maana ya Uingereza, ileile niliyowafundisha wanafunzi miaka yote niliyoshika chaki. Kwa Mwingereza, "table" ni kuileta hoja ijadiliwe. Bunge letu hapa Dodoma lilirithi taratibu nyingi za huko, ndiyo maana unasikia hati zinawasilishwa mezani. Mmarekani analo neno hilohilo, lakini kwake kitu kikiwekwa mezani kimewekwa kando. Kitarudiwa siku nyingine, pengine kisirudiwe kabisa. Bosi wako alikuwa anaahirisha. Wewe ukasikia unakaribishwa.

Na hujawa wa kwanza. Winston Churchill ameandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maofisa wa nchi hizo mbili walibishana juu ya neno hili muda mrefu, tena kwa ukali. Waingereza walikuwa na waraka walioutaka ujadiliwe upesi, wakaomba uwe "tabled". Wamarekani wakakataa, wakiona jambo lenyewe ni zito mno kuwekwa kando. Kumbe wote walitaka kitu kimoja. Hao ni watu waliozaliwa na lugha hiyo, mwanangu.

Lakini lililonikosesha usingizi ni sentensi yako ya mwisho, kwamba maneno ya Wazungu ya kufikiri yako mbali nasi, heri ukae kimya. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Unakumbuka zizini kwa babu yako kule Bahi, jioni ng'ombe wakishalala? Tonge linapanda shingoni unaliona kwa macho, kisha taya linaanza kwenda upande, taratibu, macho yamefumba nusu. Anameza. Unasubiri kidogo, linapanda jingine. Ulikuwa unachuchumaa pale mpaka mama yako aje kukuita ule. Basi, Kiingereza kina neno "ruminate", la mtu anayelitafakari jambo kwa kina. Limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kucheua. Hakuna Mzungu wa kukueleza neno hilo wewe uliyeliona likipanda shingoni kwa ng'ombe.

Yapo maneno ya namna hiyo, yanayokuomba uende polepole. Mtu akisema atalilalia jambo, "sleep on it", usimfuate jioni hiyohiyo kudai jibu; anaomba usiku mmoja. Mengine yanakutaka uharakishe. Wakikuita kwenye "brainstorming", sisi tunasema kubungua bongo, usingoje wazo lako liive. Aliyeieneza njia hiyo, Alex Osborn, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani. Kitabu chake cha 1953 kinaeleza kanuni zake: kukosoa kusubiri, mawazo yawe mengi, hata ya ajabu yapokelewe, na la mwenzako uliongezee. Kwenye kikao cha namna hiyo ukimya ndio kosa. Nakujua, wewe hupenda kusema ukiwa na uhakika wote, kwa hiyo hapa ujilazimishe.

Halafu kuna hili la "share". Vijana mnasema kushea mawazo. Neno hilo asili yake kwa Kiingereza ni kukata, kutoa fungu. Mimi napenda letu zaidi. Mbunge akisimama anasema, "Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi nami nichangie." Kuchangia, kama tulivyochangia harusi ya dada yako: aliyeleta mbuzi na aliyeleta debe la mtama wote waliandikwa kwenye daftari moja. Hakuna aliyesimama kwanza kuuliza kama mchango wake unatosha.

Mara nyingine bosi akilitamka neno lile, muulize palepale: tunajadili sasa au baadaye? Ni swali la heshima, na wenzako watashukuru, maana nina hakika hukuwa peke yako usiyeelewa.

Ila hujaniambia hoja yenyewe ilikuwa nini. Umeniandikia kurasa mbili juu ya aibu, na juu ya mpango wako hakuna hata mstari. Nipigie Jumapili tukishatoka kanisani, unieleze wote, tangu pale uliponyamaza.

Baba yako