Shangazi wa Mlimani: "Tunakuja Marangu, tuko kumi na wanne"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Sakina, Arusha, ila kwetu hasa ni Nachingwea. Kikundi chetu cha vikoba kimegawana hisa mwezi uliopita, na badala ya kwenda kula kuku hotelini kama kila mwaka tumekubaliana kupanda Marangu tukaone mila za Wachagga. Tuko kumi na wanne, nusu yetu Waislamu. Mwenzetu mmoja ana wifi yake huko, amesema tukaribie tu kwake. Wengine wanataka twende na kampuni ya utalii, tulipe, tuonyeshwe kila kitu, tuondoke. Tuambie tuvae nini, tubebe nini, na kama kweli tutaonyeshwa matambiko, maana katibu wetu ameshanunua simu mpya kwa ajili ya hiyo video.
Mama Watatu, Sakina

JIBU: Marahaba mama. Huyo katibu tutamrudia.

Mimi mwenyewe nilifika huku mgeni. Ni Mbondei wa Magila, Muheza, nimeolewa Marangu mwaka 1987. Nilishuka kwenye basi pale Mtoni na kapu la nazi, kwa sababu kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu. Mama mkwe alizipokea kwa heshima zote, akazipanga juu ya kabati, na huko juu ndiko zilikokaukia. Hakuna aliyejua kuzikuna, na mbuzi pekee aliyekuwepo pale nyumbani alikuwa anakula majani.

Kosa langu kubwa lilikuja wiki ya tatu. Nilitaka nionekane mchapakazi, nikachukua jembe asubuhi nikaanza kulima kipande cha pembeni nipande mchicha. Pale palikuwa na mimea imesimama mstari, shina jembamba, majani marefu ya kijani yamechongoka. Haikuwa na tunda, ng'ombe hawaijali. Nikang'oa mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne nimeushika shingo, nikasikia jirani anamwita baba mkwe kwa sauti iliyowatoa kuku wote chini ya migomba.

Yale yalikuwa masale, na masale ndiyo mpaka. Machoni pa jirani, bi harusi wa wiki tatu ametoka Tanga kuja kumega kihamba chake, shamba la ukoo, mchana kweupe.

Mama mkwe hakunigombeza. Alikata jani moja la isale, akalipiga fundo katikati, akaniwekea mkononi, tukaongozana mpaka kwa jirani. Yeye hakusema neno njia nzima. Nilimkabidhi yule mzee jani, nimeinamisha kichwa. Akaliangalia muda ambao mimi niliuona ni nusu saa, halafu akalipokea na kumwagiza mkewe alete kiti. Mambo yakaishia hapo. Huku, mtu akikuletea isale anakuomba radhi, na kulikataa ni jambo zito pengine kuliko kosa lenyewe. Jioni wale wazee wawili waliirudishia ile mimea mitatu ardhini, wakapimana kwa kamba ya mgomba. Ipo hadi leo, imenipita urefu.

Nimewapeni habari hii ndefu ili mkifika mjue mnakanyaga wapi. Kihamba cha Mchagga mgeni hukiona kama shamba la migomba lenye nyumba katikati. Mwenyeji anaona zaidi. Juu kuna miti mikubwa, mringaringa na mingineyo, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi. Kando unapita mfongo, mfereji wa maji yanayoteremka kutoka juu, uliochimbwa na mababu na wenye zamu zake za kumwagilia. Ng'ombe hachungwi, yuko bandani analetewa majani. Na makaburi ya wazee yako humo humo, mara nyingi hatua chache tu kutoka jikoni. Basi tembeeni nyuma ya mwenyeji, mmoja nyuma ya mwingine, msitawanyike. Msikate kitu wala kuchuma jani la kupigia picha.

Sasa, kampuni au wifi? Mimi naona wifi. Lakini watu kumi na wanne ni sherehe, na sherehe ina gharama. Ninyi mnajua hesabu kuliko mimi, changeni mmtumie mapema. Mkitaka kuonja mbege muagizeni wiki mbili kabla, maana haipikwi kwa siku moja. Ndizi huachwa ziive, zikachemshwa, zikafunikwa siku kadhaa mpaka zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Huchujwa, kisha ikachanganywa na mso, yaani uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa. Uchungu wake unatokana na maganda ya mti wa msesewe, na mtu akizidisha msesewe mtamjua kwa sura za wanywaji. Yote hiyo ni kazi ya wanawake. Siku mkifika mtakuta wifi hajalala vizuri, kwa hiyo mshikeni mkono hata kwenye kuosha vyombo.

Mbege hutolewa kwenye kata, kibuyu kilichokatwa chenye mpini, na anayekaribisha huonja kwanza mbele yenu. Zamani hiyo ilikuwa kuwaonyesha wageni kwamba ndani hamna sumu. Ninyi Waislamu kata ikifika kwenu ipokeeni kwa mikono miwili, mkampe aliye pembeni. Hakuna atakayeuliza, huku tuna majirani Waislamu tangu zamani. Mtaletewa chai au uji.

Jambo la kusema mapema zaidi ni la mbuzi. Familia nyingi za Kikristo huku, zikijua wageni ni Waislamu, humwita Mwislamu wa jirani aje kuchinja, na hazioni kuwa ni tatizo. Tatizo huja pale ambapo hawakuambiwa, mbuzi kashachinjwa tangu alfajiri, mama wa watu kasimama na sahani, na nusu ya wageni wanaangalia chini. Tena ulizeni kabla hamjachota supu, kwa sababu kisusio kinatiwa damu. Mtori na machalari hayana maneno, ni ndizi na nyama, ilimradi mjue nyama imechinjwa na nani. Kiburu ni ndizi na maharage, mnaweza kula mpaka mshindwe kuinuka. Msione ajabu mkigawiwa nyama tofauti tofauti. Mbuzi wa Mchagga kila kiungo kina mwenyewe: kuna cha baba, cha mashangazi, cha aliyechinja. Mkiona kipande kimewekwa kando, hakijasahauliwa.

Zawadi: sukari, majani ya chai, sabuni, kanga moja nzuri kwa mama wa nyumba. Msibebe ndizi, tafadhali. Mtakuwa kama mimi na nazi zangu ila kinyume.

Kuvaa: kitenge au gauni la kupita magoti, sweta, na viatu vya kufunga. Udongo wa huku ukilowa unateleza kama bamia. Masika, Machi hadi Mei, kaeni Sakina. Mwezi wa saba kuna baridi ambayo ninyi wa Nachingwea hamjawahi kukutana nayo. Desemba ndipo kwenyewe, Wachagga wote wa Dar na Mwanza wanapanda nyumbani, mbuzi wanachinjwa, ndoa na vipaimara vinafuatana. Ila Desemba nyumba imejaa, mtalala chini, na barabara ya kutoka Himo mnapokata kushoto inakuwa mstari mmoja wa magari.

Na kusalimu. Upande wetu wa Vunjo semeni "shimbonyi", mtajibiwa "nashicha". Kushukuru ni "haika". Machame wana yao na Rombo wana yao, na Mmachame akisikia mnasema ya Marangu atacheka tu. Halafu mtaulizwa mnatoka wapi na ni wa ukoo gani. Huo si upekuzi. Mtu wa huku akitaja Lyimo au Mtui kijiji kinajulikana, na wanataka kuwapangeni ninyi vilevile.

Tumrudie katibu. Hakuna familia itakayofanya tambiko kwa sababu Coaster imefika. Watu wa huku wengi ni Walutheri na Wakatoliki, na yaliyobaki ya wazee hufanywa na ukoo, kwa sababu ya ukoo, milango ikiwa imefungwa. Zamani fuvu la mzee liliweza kufukuliwa na kuhifadhiwa kihambani penye masale. Leo watu wanasimika msalaba wa saruji. Mnachoweza kuona ni mzee kumwaga tone la mbege chini kabla hajanywa. Ni sekunde mbili. Katibu akiwa anatafuta kitufe cha simu itakuwa imepita. Makaburi asipige picha kabisa, na watu aombe kwanza.

Siku ya pili ndipo muwape kampuni fedha yao, au mumtafute kijana wa kijijini awaongoze. Nendeni kwenye mapango na nyumba za msonge, na wakiwatwangia kahawa imbeni nao. Mama aliyeikaanga mpeni chake mkononi.

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana wa Soweto, Moshi, najifunza kuongoza wageni. Wageni wananiuliza kama ni kweli watu waliishi kwenye mapango na ng'ombe, nami nahisi tunawadanganya. Pia nifanyeje wakiuliza habari za Mangi Meli, yule chifu wa Old Moshi?
Kijana wa Soweto

JIBU: Hudanganyi, mwanangu, ila usizidishe chumvi. Yale mahandaki yalichimbwa kwa mikono wakati wa vita, na Wamasai na hata Wachagga wenyewe kwa wenyewe, watu na mifugo wakajificha humo hatari ipite. Neno ni kujificha. Ukisema waliishi miaka, mgeni mwerevu atakuuliza moshi ulitokea wapi na wewe utababaika. Muingize, muache ainame mwenyewe kwenye ule mlango mwembamba, atafahamu kwa nini adui hakupenda kutangulia.

Habari za Mangi Meli usizisemee Marangu, mpeleke mgeni Old Moshi. Wajerumani walimnyonga huko tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na mti upo unaonyeshwa. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakitafuta. Ukifika hapo punguza sauti, na usiunganishe na hadithi ya maporomoko ya maji kana kwamba ni kituo kimoja. Nimemsikia mwongozaji mmoja akifanya hivyo, nikatamani nishuke kwenye gari.

SWALI: Shangazi, wifi yangu alinikopa fedha ya ada ya mtoto, akanitukana nilipomdai. Jumapili kaja na jani la isale. Je, nikilipokea nimesamehe na deni? Mimi ni Mpare.
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Mpare na fedha yake, sikushangai. Jani ni la matusi. Lipokee, mkaribishe chai, mzungumze ya watoto. Ya fedha mpigie simu Jumatano.