Uvimbe juu ya goti kwa kijana wa miaka 15: msikubali akatwe kipande kabla ya haya

Mkuu, umeuliza mawili: kama uvimbe wa mdogo wako ni saratani, na kama mkubali akatwe kipande cha uvimbe kikapimwe (biopsi), wiki hii hapo hapo hospitali ya wilaya. Naanza na la pili maana ndilo la haraka: msikubali bado. Kipande kitachukuliwa tu, lakini hiyo ni hatua ya mwisho ya uchunguzi.

Kuhusu saratani, maswali matatu yanabeba sehemu kubwa ya jibu: mgonjwa ana umri gani, uvimbe uko sehemu gani ya mfupa gani, na ukingo wake ukoje kwenye picha. Kati ya miaka 10 na 20, mwisho wa chini wa mfupa wa paja na sehemu ya juu ya mfupa wa ugoko ndiko osteosakoma (saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe) inakopenda kukaa, kwa sababu ndiko mfupa unakorefuka kwa kasi. Lakini huko huko hukaa osteokondroma, ambayo si saratani na ni ya kawaida mno: kinundu kigumu kama jiwe, kwa kawaida hakiumi, kinachipua kikielekea mbali na kiungo na huacha kukua kijana akimaliza kurefuka. Kwa hiyo mahali peke yake hapatoshi.

Umesema anaamka usiku kwa maumivu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ukubwa wa uvimbe. Maumivu ya kuteguka hupoa mtu akipumzika. Haya hayajali amelala au amesimama, na kila wiki yanazidi. Kuna kijivimbe kisicho saratani, osteoidi osteoma, ambacho kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 1.5, nacho huuma sana usiku, lakini kikipewa ibuprofeni maumivu hukatika vizuri. Na hiyo habari uliyotaja, kwamba aligongwa uwanjani, iwekeni kando. Teke la mpira halileti saratani ya mfupa, linamfanya mtu apashike na agundue kilichokuwepo.

Eksirei iwe picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Ishikeni kwenye mwanga wa dirisha mtazame ukingo. Ukiona mstari mweupe mwembamba umeuzunguka uvimbe kama umechorwa kwa kalamu, mfupa umepata muda wa kujijengea ukuta, yaani jambo linakwenda polepole. Ukiona hakuna mpaka, mfupa umetobokatoboka kama punje ya mahindi iliyoingiwa na dumuzi, hapo kuna kinachokimbia. Tazameni pia nje ya mfupa: utando unaofunika mfupa ulioinuliwa na kuacha pembetatu pembeni (madaktari wanaiita pembetatu ya Codman), au miale inayotoka kama ya jua, huelekeza kwenye osteosakoma. Tabaka juu ya tabaka kama kitunguu hufikirisha sakoma ya Ewing (saratani nyingine ya mfupa ya vijana), ingawa usaha ndani ya mfupa nao unaweza kuchora vivyo hivyo. Picha ikiwa safi msitulie: eksirei haionyeshi kuliwa kwa mfupa mpaka asilimia 30 hadi 50 ya madini yake iwe imeondoka. Maumivu yakiendelea, irudiwe baada ya wiki 2 au 3, au aende MRI (picha ya mashine ya sumaku) moja kwa moja.

Usaha huo wa ndani ya mfupa ndio unaopoteza watu kwetu, hasa kwa mwenye selimundu. Homa, ESR (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe) iko juu, mguu una joto, mtu anapewa antibiotiki miezi. Uvimbe wa saratani nao unaweza kuleta hayo yote. Ndiyo maana kila kipande kinagawanywa: kimoja kwa mpatholojia (daktari anayesoma vipande kwa darubini), kingine kuoteshwa vijidudu.

Kabla ya kukata, MRI ipigwe mfupa mzima wa paja, si goti peke yake, kwa kuwa osteosakoma inaweza kuruka ikaacha kipande kingine juu. Ikipigwa baada ya kukata, damu iliyovuja inachafua picha. Siti skani ya kifua nayo, maana mapafuni ndiko inakotangulia kusambaa. Damu: ALP na LDH (vimeng'enya vinavyoweza kupanda kwenye saratani ya mfupa), ila ALP ya kijana anayekua huwa juu kwa kawaida, asiwatishe mtu na namba hiyo peke yake.

Sasa mkato wenyewe. Njia ya sindano au kisu hubeba seli za saratani, na baadaye njia yote hutolewa pamoja na uvimbe. Kwa hiyo mkato ufuate urefu wa mguu, kamwe usikate kukingama, na achague mahali yule daktari atakayefanya upasuaji mkubwa. Mkato mmoja wa kukingama juu ya goti unaweza kugeuza mguu uliokuwa wa kuokolewa uwe wa kukatwa. Kipande kitoke pembeni penye uhai, si katikati palipokufa, kitiwe formalini (dawa ya kuhifadhi kipande) ya asilimia 10 yenye ujazo mara 10 wa kipande. Cha kuotesha kisiguse formalini kabisa. Na eksirei iende pamoja nacho: bila picha, mfupa unaojiunga baada ya kuvunjika unaweza kufanana na osteosakoma chini ya darubini.

(Kwa wadau wenye wazazi: baada ya miaka 40 mpangilio hubadilika. Hapo fikirieni kwanza saratani iliyosafiri kutoka tezi dume, titi, pafu, figo au tezi ya shingo, au mayeloma, saratani ya seli za uboho.)

Kwa leo, mpeni magongo asiukanyagie mguu huo. Mfupa ulioliwa huvunjika kwa hatua ya kawaida tu, na ukivunjika seli humwagika kwenye misuli. Kuchua na kuchanja chale visiguse hapo hata mara moja. Barua ya rufaa iombeni kwa maandishi, mkabidhiwe na picha zenyewe, si ripoti tu.