Kimbunga kilichoua wengi kuliko vyote ni Bhola

Mkuu umeuliza kimbunga gani kiliua watu wengi kuliko vyote, jibu ni Bhola, usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1970 huko Pakistan Mashariki ambayo sasa ndo Bangladesh. Makadirio ni watu 300,000 mpaka 500,000. Na kilichoua zaidi ni maji yani, bahari ilifunika visiwa vya tambarare wakati maji yameshajaa na watu wamelala. Madaktari walioenda baadae walikuta walionusurika wamechubuka vifua na mikono kwa kung'ang'ania miti usiku kucha, watoto wadogo ndo waliisha zaidi maana hawakuwa na nguvu ya kushikilia, hiyo inaniuma sana. Serikali ya Pakistan ikalaumiwa kwa kuchelewesha msaada, na 1971 Bangladesh ikatangaza uhuru kutoka Pakistan.